Soko Likihama, Marikiti Ni ya Nani?

Kiswahili kina maneno matatu yaliyo jirani kwa kazi lakini yasiyolingana kwa maana: soko, gulio na marikiti. Soko ni makutano ya wauzaji na wanunuzi, popote yanapotokea. Gulio ni soko la siku maalumu, ambalo watu huliendea asubuhi na kutawanyika jua linapotua. Marikiti ni nyumba ya soko, yaani kuta, nguzo, paa, meza za saruji na lango la kufungwa usiku. Neno hili la tatu tulilipata kwa Waingereza, na hata leo Mombasa na Nairobi kuna masoko ambayo wenyeji huyaita kwa jina hilo. Ukiyapima maneno haya, msomaji, utaona kwamba soko laweza kuwako bila marikiti, kwa kuwa gulio hukaa hata chini ya mti. Lakini marikiti nayo yaweza kuwako bila soko. Watu wakihama, nyumba hubaki. Hapo ndipo linapozaliwa swali la insha hii: nyumba ya soko isiyokuwa na soko tena, tuifanyeje? Tuihifadhi kwa heshima ya waliotutangulia, au tuibomoe ili tujenge kitu kitakachowafaa walio hai?

Huenda ukadhani kwamba swali hili ni la waashi na wajumbe wa baraza la mji, wala halimhusu mwanafunzi. Sivyo. Kila jengo la umma lina madai ya watu juu yake, na palipo na madai pana haki na dhuluma. Ukikua utaitwa kupiga kura, kutoa ushauri, au kutia sahihi karatasi itakayoamua jambo la namna hii. Yafaa uwe umelifikiri mapema, wakati ambapo hakuna anayekuharakisha.

Tuanze nyumbani, katika nchi ya Meru na Embu, iliyo mashariki na kusini mashariki ya Mlima Kenya. Biashara ilikuwako huku kabla ya kusimama ukuta wa kwanza wa soko, kwa kuwa nchi yenyewe iliwalazimisha watu kubadilishana. Juu, karibu na msitu, kuna baridi na mvua, na mashamba hutoa ndizi, viazi na maharagwe. Chini, katika Mbeere na Tharaka, kuna joto na ukame, na watu wa huko hufuga mbuzi, hulima mtama na kurina asali. Aliye juu ana haja na aliye chini, na aliye chini ana haja na aliye juu. Wazee wa zamani hawakuwa na marikiti, lakini walikuwa na jambo gumu zaidi kulijenga, nalo ni uaminifu wa kukutana mahali pamoja, siku moja, na kurudi nyumbani kwa amani.

Utawala wa Waingereza ulikita Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Malkia Victoria, ambaye katika enzi yake miji ya Uingereza ilijenga majumba makubwa ya soko kwa chuma na kioo, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1901. Kwa hiyo usitafute soko la enzi ya Victoria mjini Meru wala Embu, maana hutalipata. Walakini fikra ya marikiti ilisafiri na watawala: kwamba soko liwe na uzio na lango, liwe na mtoza ushuru mlangoni, na bwana afya wa kukagua nyama. Polepole miji midogo ikamea kando ya njia, kama Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu, Maua, Siakago na Ishiara. Zikajengwa safu za maduka ya mawe na mabati, na karibu nazo nyumba za soko zenye nguzo na sakafu ya saruji.

Sasa, kwa nini nyumba ya soko hukimbiwa? Sababu ni nyingi, na aghalabu hakuna mwenye lawama. Barabara ya lami hupita mahali pengine, na kituo cha magari huhama pamoja nayo, na mchuuzi humfuata msafiri. Magari makubwa kutoka Nairobi huja kununua maembe na ndizi shambani, yasipite sokoni kabisa. Mji hukua, na nyumba iliyojengwa kwa wachuuzi hamsini hushindwa kuwapokea mia tano. Wakati mwingine paa huvuja mwaka wa kwanza, halitengenezwi, likavuja mwaka wa pili, na mwaka wa tatu watu wakaondoka. Basi popo huingia pale walipokuwa wauza mboga.

Ili tusibaki katika maneno ya jumla, tuseme kwamba uko mji mmoja mdogo kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru. Mji huu nimeubuni, lakini ukisafiri njia hiyo utaona miji inayofanana nao. Katikati yake iko marikiti ya mawe ya kuchongwa, iliyojengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1963. Imefungwa kwa miaka kumi. Mbuzi hulala barazani kwake. Wachuuzi, walio wengi wao wanawake, hukaa nje kando ya barabara, ambako magari hupita karibu na magoti yao. Mvua za Aprili zikija, hufunika nyanya kwa karatasi za nailoni na kujifunika wenyewe kwa magunia. Serikali ya kaunti ina fedha ya kazi moja tu. Watu wanaitwa mkutanoni watoe shauri.

Mama mmoja muuza nyanya anasimama. Anasema, “Mawe haya hayajanipa kivuli miaka kumi. Mtoto wangu amelala juu ya gunia kando ya barabara tangu hajajua kutembea. Ibomoeni nyumba hii, mtujengee soko lenye maji, choo na paa lisilovuja. Mkitaka kumbukumbu, pigeni picha.”

Kisha anasimama mzee aliyepita miaka 80, aliyebeba mawe ya jengo lile akiwa mvulana. Anasema, “Mama, sikatai haja yako, maana hata mke wangu aliuza ndizi humu ndani. Lakini mawe haya tuliyachonga kwa mikono, na wenzangu walioyachonga wamekwisha kufa. Mji huu hauna kitu kingine kinachosema kwamba walipata kuishi. Mkiibomoa, mtakuwa mmewazika mara ya pili.”

Ungekuwa wewe ndiye mwenyekiti wa mkutano ule, ungesemaje? Usikimbilie kujibu. Kosa la kwanza katika mambo kama haya ni kudhani kwamba mmoja wa hawa wawili ni mjinga. Mama anasema kweli, na mzee anasema kweli. Ingekuwa kweli imepambana na uongo, kazi ya mwenyekiti ingekuwa nyepesi. Hapa haki moja imepambana na haki nyingine.

Tupime madai ya mama kwanza. Nguvu yake ni kwamba yu hai. Baridi inamwuma leo, si katika kitabu cha historia. Jengo la umma liliwekwa kwa ajili ya watu, wala watu hawakuwekwa kwa ajili ya jengo. Mtu akilala njaa ili ukuta usimame, ukuta huo umekuwa bwana na mtu amekuwa mtumwa. Tena wale wanaopenda sana majengo ya kale mara nyingi si wao wanaokaa mvuani. Ni vyepesi kuupenda ukale ukiwa na paa jipya nyumbani kwako.

Madai ya mzee nayo yana nguvu ya namna mbili. Ya kwanza ni shukrani. Sisi hatukuanza dunia. Njia tunazopita zilifyekwa na watu wengine, na shule tunazosoma zilijengwa kwa michango ya wazazi wengi waliouza mbuzi na kahawa. Mtu asiyekumbuka aliyemtendea wema hupungukiwa na utu, na mji nao huwa vivyo hivyo. Nguvu ya pili ni kwamba kubomoa hakuna marejeo. Jengo lililoachwa leo laweza kubomolewa kesho, lakini lililobomolewa leo haliwezi kuachwa kesho. Watoto watakaozaliwa baada ya miaka hamsini hawana sauti katika mkutano ule, na uamuzi wetu utawafunga bila wao kuulizwa.

Yuko na mtu wa tatu, ambaye kwa kawaida hasimami kusema. Huyu ana macho juu ya kiwanja. Siku akiona faida katika kubomoa, atasifu maendeleo. Siku akiona faida katika kuacha mambo yalivyo, atasifu mila. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenyekiti mwema husikiliza maneno ya kila msemaji, kisha hujiuliza ni nani atakayekuwa na hati ya ardhi ile mwisho wa yote.

Hapa msomaji mmoja aweza kunikatiza: “Lakini majengo haya ni ya wakoloni. Yalijengwa ili watutoze ushuru. Kwa nini tuyatunze?” Swali hili ni la haki, wala halistahili kupuuzwa. Jibu langu la kwanza ni kwamba amri ilikuwa ya mkoloni, lakini jasho lilikuwa la watu wetu. Kulibomoa jengo kwa kumchukia aliyeamuru ni kuwasahau pia waliotumwa. Jibu la pili lipo mjini Meru kwenyewe. Makumbusho ya Meru yamo katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, mojawapo ya majengo ya mawe ya kwanza ya mji ule. Mahali palipotoka amri za kodi na kazi ya lazima, tangu mwaka 1974 watoto wa shule huingia kujifunza maisha na mila za Wameru. Kuta ni zile zile, lakini bwana wake amebadilika. Nadhani huo ni ushindi mkubwa kuliko kubomoa, kwa kuwa jengo lililobomolewa haliwezi kumsimulia mtu jinsi lilivyotekwa.

Tutazame sasa nchi nyingine, maana zilizotangulia kuwa na majengo haya zimetangulia pia kukosea. Katika London liko jumba la soko la Covent Garden, lililokamilika mwaka 1830. Wauza matunda na mboga walihamishwa mwaka 1974 kwa kuwa magari yao yalikuwa yakiziba njia za mji. Mpango ulikuwapo wa kuvunja sehemu kubwa ya mtaa ule, lakini wenyeji waliupinga hata ukaachwa. Jumba likatengenezwa, na mwaka 1980 likafunguliwa tena likiwa na maduka na mikahawa. Kuta zilipona. Walakini muuza kabichi hakurudi, na leo wajao ni watalii wenye fedha. Je, hilo ni soko lililookolewa, au ni vazi la soko lililovikwa mtu mwingine?

Paris walichukua njia ya pili. Soko kuu lao la vyakula, Les Halles, lilikuwa na mabanda makubwa ya chuma na kioo yaliyosanifiwa na Victor Baltard katika karne ya 19. Mwaka 1969 soko lilihamishiwa Rungis, nje ya mji, na tangu mwaka 1971 mabanda yakavunjwa. Kwa miaka kadhaa katikati ya mji mzuri kama ule palikuwa na shimo kubwa. Banda moja tu ndilo lililopona, likapelekwa Nogent-sur-Marne na kusimamishwa huko. Wafaransa wengi wamejuta tangu hapo, lakini majuto hayakurudisha hata nguzo moja.

Njia ya tatu yaonekana Smithfield, London, penye jumba la soko lililofunguliwa mwaka 1883, katika enzi yenyewe ya Victoria. Lilikaa tupu kwa miaka mingi, na wenye mali walitaka kuvunja sehemu yake kubwa ili wajenge maofisi. Mwaka 2014 serikali ilikataa mpango huo, na baadaye kazi ya kuligeuza jumba lile liwe makumbusho ya mji ikaanza. Angalia kwamba kukataliwa kwa ubomoaji peke yake hakukuliokoa jumba. Lilipona kwa sababu lilipewa kazi mpya.

Hata hivyo usidhani kwamba kubomoa daima ni kosa. Kariakoo ya Dar es Salaam yatufundisha kinyume. Jumba la kwanza pale lilijengwa na Wajerumani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi, walioitwa Carrier Corps, na kutokana na maneno hayo mawili likatoka jina la Kariakoo. Baada ya vita mahali pale pakawa soko. Jumba la kale liliondolewa, na mahali pake pakasimamishwa soko jipya lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Hilo nalo lilishikwa na moto Julai 2021, na likatengenezwa tena. Soko halikufa. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Na jina la wapagazi, ambao maelfu yao walikufa njiani kwa maradhi na njaa katika vita visivyokuwa vyao, limebaki midomoni mwa watu zaidi ya miaka mia, Dar es Salaam na hata Nairobi penye soko la Kariokor. Kwa hiyo kumbukumbu yaweza kukaa katika jina kama inavyokaa katika jiwe. Lakini jina hukumbusha pale tu mtu anapoambiwa maana yake. Ni wangapi wanaonunua nguo Kariakoo leo wanaowafikiri wapagazi?

Lipo na somo la nne, nalo ni la Kenya. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchochea uchumi, na sehemu moja ya mpango huo ilikuwa kujenga masoko ya mazao katika majimbo ya uchaguzi. Mengine yalikamilika na yakafaa. Mengine yalikwama kabla ya kwisha, na mengine yalikwisha lakini wachuuzi hawakuingia, kwa kuwa yaliwekwa mahali wasipopita wanunuzi. Majani yakaota mbele ya milango ambayo rangi yake haijachujuka. Methali husema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Gofu si lazima liwe la kale. Basi yule mama muuza nyanya, akiahidiwa jengo jipya, na aulize litasimama wapi, na nani aliulizwa kabla ya kuchorwa.

Kutokana na mifano hii, nadhani twaweza kupata kanuni mbili za haki, na kila moja humbebesha mtu mzigo wake.

Kanuni ya kwanza: anayetaka kubomoa na atoe ushahidi. Kwa kuwa tendo lake halina marejeo, haitoshi aseme kwamba jengo ni kuukuu. Na aonyeshe kwamba kuta zimechoka hata ni hatari, kwa kauli ya fundi asiyekuwa na faida katika shauri hilo. Na aonyeshe kwamba haja ya watu haiwezi kutimizwa kwa kulitengeneza jengo lile, wala kwa kutumia kiwanja kingine. Na aonyeshe kwamba fedha ya kujenga ipo mkononi, si katika ahadi, maana miji mingi imepoteza nyumba ya kale na kupata shimo. Akishinda katika hayo yote, basi jengo na livunjwe kwa heshima: lipimwe, lichorwe na kupigwa picha, mawe yake mazuri yatumiwe katika jengo jipya, na jina lake lihifadhiwe.

Kanuni ya pili husahauliwa zaidi: anayetaka kuhifadhi na atoe gharama. Ikiwa mji wote unaona fahari kuwa na jengo la kale, mji wote na uilipie fahari hiyo. Si haki kumwacha mama wa nyanya alipe peke yake kwa kukaa mvuani miaka mingine kumi wakati wenzake wanasifu mawe. Kuhifadhi kwa mdomo, bila kuziba paa, ni kubomoa kwa mkono wa mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mara nyingi hata ukuta haujengwi. Kwa hiyo, mtu akisema jengo lisiguswe, mwulize mara moja: nani atalitengeneza, kwa fedha ipi, na wachuuzi watakaa wapi mpaka kazi iishe? Akikosa jibu, upendo wake kwa wahenga ni wa bure, na cha bure hakijengi.

Wamo miongoni mwa Wameru waliotuonyesha kwamba kanuni hizi mbili zaweza kukaa pamoja. Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, lina jumba lake la kukutania huko Nchiru, na wazee wamelitunza na kuliheshimu. Lakini wazee hao hao walitoa ardhi huko Nchiru kwa ajili ya elimu, na juu yake leo kimesimama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Walijua kipi kilikuwa moyo wa mahali pale na kipi kilikuwa nafasi tu. Wakaushika moyo, wakatoa nafasi. Laiti wangeshika vyote, vijana wangekosa chuo. Laiti wangetoa vyote, vijana wangekosa wazee.

Au mtazame mkulima wa Igembe na Tigania katika vilima vya Nyambene. Sizungumzii hapa uzuri wala ubaya wa miraa. Hilo ni shauri lingine. Nazungumzia namna anavyoutunza mti mkongwe aliourithi kwa babu. Haukati kwa kuwa ni wa zamani, wala hauzungushii ua ili watu wautazame tu. Anaupogoa, anachuma matawi machanga, na mti unaendelea kuishi kwa sababu unaendelea kuzaa. Jengo la kale nalo hupona hivyo. Likiachwa bila kazi hufa, hata kama sheria imelikataza mtu kuligusa.

Sheria yenyewe ipo, na yafaa uijue. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yaruhusu jengo lenye thamani ya historia kutangazwa na kulindwa. Katiba ya mwaka 2010 yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, yahesabu kushirikishwa kwa raia miongoni mwa maadili ya uongozi, na kazi ya masoko imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo shauri la marikiti ya Embu au ya Meru haliamuliwi mbali sana. Huamuliwa karibu, na watu mnaoweza kuwafikia. Lakini sheria ni kama jembe. Haliendi shamba peke yake.

Sasa turudi katika mkutano wa mji ule niliobuni, maana mwenyekiti angali anangoja. Kwa kufuata kanuni hizi mbili, mimi ningeshauri hivi. Kwanza fundi azipime kuta. Zikiwa imara, zisivunjwe. Paa livuliwe na kuezekwa upya, ukuta unaoelekea barabara ufunguliwe ili mnunuzi aone ndani, na kituo cha magari kisogezwe hadi mlangoni. Nyuma ya jengo lijengwe banda jipya pana lenye maji na vyoo, kwa sababu jengo la kale halitawatosha wote. Na kabla nyundo haijapigwa, vijengwe vibanda vya muda kwa fedha ya kaunti, ili mama asilipie kazi hiyo kwa afya ya mtoto wake. Kuta zikionekana kuwa mbovu, basi zivunjwe, na mzee yule aombwe kuchagua mawe yatakayowekwa langoni mwa soko jipya, pamoja na majina ya wenzake anaowakumbuka.

Shauri hili halimpi mtu yeyote kila alichotaka. Mama atangoja zaidi kuliko kama jengo lingevunjwa kesho, na fedha itakwenda katika mawe ambayo ingeweza kununua meza nyingi zaidi. Mzee ataona ukuta mmoja aliousaidia kuujenga ukitobolewa. Mimi siwezi kukuambia kwamba hasara hizi si kitu. Nasema tu kwamba zimegawanywa kwa wengi, wala hazikutupwa juu ya aliye dhaifu, wala juu ya asiyekuwapo.

Wewe huna bado fedha ya kujenga wala amri ya kuzuia. Lakini unayo kalamu, na mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa katika mji wenu iko nyumba ya soko iliyofungwa, nenda na wenzako mkaipime kwa kamba, mchore umbo lake, mwandike mwaka wake kama umechongwa juu ya mlango. Waulizeni wazee ni nani aliyeijenga, na waulizeni wachuuzi kwa nini wameikimbia. Msiwaulize wazee peke yao, wala wachuuzi peke yao. Siku ya mkutano ikifika, wenye kelele watakuwa wengi, na wenye habari watakuwa wachache. Daftari lenu laweza kuwa ndilo ushahidi pekee uliopo mezani.